Dubwana la Jumatatu

Harufu ya pamba mbichi ni ngumu kumweleza mtu ambaye hakukulia kwetu. Wengi hudhani pamba haina harufu, kwa sababu wanaijua ile ya dukani, iliyosafishwa na kuviringishwa kwenye karatasi. Pamba iliyotoka shambani, mbegu zikiwa bado ndani yake, hunukia mafuta na vumbi na jua, na ikirundikwa kwa wingi hupata joto lake yenyewe kama mnyama aliyelala. Mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka msibani Maswa, basi letu likakaa muda mrefu nyuma ya lori la pamba bila kupata nafasi ya kulipita, na harufu ile ikaingia madirishani. Abiria wenzangu walifunga vioo. Mimi nilijikuta nimeshika kifua changu kwa mkono, nasikiliza kama bado napumua.

Wa rika langu mnaukumbuka wakati ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini sokoni watu wanagombania, na wakulima waliozoea kuuza pamba yao kwa chama cha ushirika peke yake wakaanza kufuatwa na wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na malori yake. Mmoja wao alijenga jineri mpya pembeni mwa mji wa Bariadi. Jineri ni kiwanda cha kuchambua pamba, kutenga nyuzi na mbegu. Baba yangu alikuwa mkulima na mchunga ng'ombe huko kwa bibi, Mwamapalala. Aliposikia wanatafuta watu wenye nguvu, alituchukua sote, mama, mimi na mdogo wangu Masunga, tukaja kupanga vyumba viwili mjini. Akawekwa ndani, kwenye mashine zenyewe, kulisha pamba. Mama akaanza kufuata dagaa Lamadi na kuja kuwauza sokoni. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili, na mji niliuona mkubwa kuliko kitu chochote duniani.

Jirani yetu alikuwa Mzee Seifu, mwenye duka la jumla na rejareja, mtu wa Tabora aliyeishi Bariadi miaka mingi hadi akawa anawasalimia bibi zetu kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," bila kujikwaa. Yeye ndiye aliyeleta video mtaani kwetu. Alisimamisha banda la mabati nyuma ya duka, akaziba matundu yote kwa magunia ili mchana uwe giza, akaweka televisheni juu ya kreti za soda. Jenereta lilinguruma nje. Kwa kuwa sinema zote zilikuwa kwa lugha za watu, alimwajiri kijana mmoja, Masanja, asimame kando ya televisheni na fimbo mkononi, atafsiri. Sasa naelewa kwamba Masanja alijua Kiingereza kidogo sana. Wakati ule tuliamini kila alichosema.

Jumapili moja, baada ya kanisa, baba alitupeleka mimi na Masunga. Ilikuwa sinema ya zamani, isiyo na rangi, picha zikichezacheza kama zinatazamwa ndani ya maji. Watu waliovaa makoti mazito walikuwa wanapanda mlima mweupe. Kila kitu kilikuwa cheupe, chini, juu ya miti, juu ya mabega yao. Walizama hadi magotini, wakachomachoma chini kwa fimbo ndefu, na weupe ule ukawaganda kwenye nyusi na ndevu.

"Wako kwenye theluji," alisema Masanja. "Wanalitafuta dubwana la theluji."

Hakuna aliyeuliza theluji ni nini. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuiona. Kwenye uwanja wa jineri palikuwa na mlima kama ule ule, na vibarua walizama magotini vile vile wakiikanyaga na kuisukuma kwa miti. Theluji ilikuwa pamba. Nilijivuna kimoyomoyo kwamba nimeelewa kabla ya wakubwa.

Kisha dubwana likaja. Kwanza hatukuliona. Tulisikia pumzi zake tu, nzito, zinavutwa kwa shida na kutoka kwa mluzi, kama mivukuto ya mfua vyuma. Wale watu wakasimama. Mmoja akageuka nyuma, na ule weupe uliokuwa nyuma yake ukainuka, ukawa na mabega, ukawa na mikono, mwili mzima nywele nyeupe. Ulipoanguka tena chini, yule mtu hakuwepo.

Banda zima lilipiga kelele. Masanja alipiga fimbo yake kwenye kreti akasema, kwa sauti nzito ambayo nadhani aliitunga yeye mwenyewe, "Dubwana hili halimfuati mtu wa mbali. Linamchukua anayefanya kazi kwenye theluji. Na likimchukua mmoja, linafuata nyayo zake mpaka kwake!"

Masunga alijificha ndani ya koti la baba. Baba alicheka. Mimi nilimtazama baba usoni, kwenye mwanga ule wa kijivu, nikaona uzi mmoja mweupe wa pamba umenasa kwenye nyusi zake.

Kesho yake, Jumatatu, kabla taa haijawashwa, nilikuwa nachambua mchicha mlangoni nikasikia pumzi zile ndani ya nyumba yetu.

Zilitoka chumba cha baba na mama, nyuma ya pazia. Zilivutwa kwa shida, zikatoka kwa mluzi. Nilisimama na mchicha mkononi. Baba alikuwa ametoka kazini, amekwisha kuoga uani kama kawaida yake, na ameingia kujilaza. Nilifikiri, limemfuata. Liko naye humo ndani. Baada ya muda pumzi zikapungua, baba akatoka amejifunga shuka, akaomba maji ya kunywa. Nilimpa kikombe nikiwa nimenyoosha mkono kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.

Jumanne sikusikia kitu. Jumatano vivyo hivyo. Nikaanza kusahau, kama watoto wanavyosahau. Jumatatu iliyofuata likarudi, na iliyofuata tena, na kila liliporudi lilikuwa na nguvu zaidi. Basi nikajua siku yake. Lilikuwa la Jumatatu, kwa sababu tuliliona Jumapili na lilihitaji siku moja kutembea.

Nilianza kuona alama. Nywele nyeupe kwenye blanketi la wazazi wangu. Nywele nyeupe zikielea juu ya mtungi wa maji. Niliziokota moja moja nikazichoma jikoni, zikawaka ghafla na kupotea, na hilo nalo lilinithibitishia kwamba si nywele za kawaida. Nilimkataza Masunga kupita karibu na pazia. Jumatatu nilikuwa namkokota nje mapema, tukikaa kwenye jiwe mpaka mama atuite kula. Mama aliona.

"We Kabula, una nini na chumba changu?"

"Hakuna kitu."

"Mbona unakipita kama kuna nyoka?"

Sikumwambia. Niliamini kwamba kitu kama kile ukikitaja kinajua kimetajwa.

Halafu lilitokea jambo la jineri. Baba alikuwa ameondoka bila chakula, mama akanifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya bakuli, na kitambaa juu, akanituma nimpelekee. Nilisimama getini. Mlinzi aliniambia nisubiri pale pale kwenye kivuli cha ukuta, watatoka. Mashine zilikuwa zinanguruma hadi ardhi inatetemeka chini ya nyayo zangu, na kwenye mlango mkubwa wa kiwanda palikuwa na kama ukungu, vumbi jeupe linaloelea halitui. Nilikuwa natazama ukungu ule ulipoanza kupata umbo.

Liliinama kwanza, limeshika magoti. Kichwa cheupe, nyusi nyeupe, mikono yote nywele nyeupe mpaka kwenye vidole. Lilikohoa. Likavuta pumzi, ule mluzi, nikausikia licha ya mashine. Likaniona. Likanyoosha mkono.

"Kabula," lilisema.

Lilijua jina langu. Bakuli lilianguka, michembe ikamwagika, na mimi nilikimbia bila kutazama nyuma, nikapita sokoni nikipamia watu, mpaka nikafika nyumbani na kujificha chini ya kitanda chetu.

Jioni baba alirudi, ameoga, amependeza, ana bakuli tupu mkononi. "Mama Kabula," alisema akicheka kidogo, "mtoto wako leo amenikimbia kama fisi ameona moto." Mama naye akacheka. Alinivuta kutoka chini ya kitanda, baba akachuchumaa akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, ni mimi. Ni vumbi la pamba tu."

Mtu mzima angeelewa hapo. Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilimtazama baba aliyekuwa mbele yangu, safi, ananukia sabuni, nikamkumbuka yule wa mlangoni, nikaona jibu la kutisha kuliko yote: dubwana limekwisha kumchukua, na linajua kumvaa. Linavaa uso wake, sauti yake, linakuja kula nasi. Ila Jumatatu linachoka kujificha na pumzi zake halisi zinatoka.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka vizuri. Nililala nimemkumbatia Masunga upande wa ukutani, nikijiweka mimi upande wa pazia. Baba alipomega ugali na kunipa kipande cha samaki, kama alivyonipa tangu nimeanza kula, nilikiweka kando ya sahani. Aliona. Hakugomba. Alikuwa anakonda, shingo imekuwa na mishipa, na alipopanda vile vipandio viwili vya kuingia ndani alisimama katikati kama mzee. Nilipoteza baba nikiwa namwona, na nilikuwa namlilia chooni ili lisisikie.

Ndipo ikaja Jumatatu ile ambayo mama alikuwa Lamadi. Aliondoka alfajiri kufuata dagaa, akaahidi kurudi kesho yake. Nilikuwa nimetoka shule mchana, nimekaa na Masunga kwenye jiwe letu, nikamwona baba anakuja barabarani kabla ya saa za kutoka. Alikuwa hajaoga. Alikuwa mweupe kuanzia kichwani, anatembea ameshika ukuta wa kila nyumba anayoipita. Nilimshika Masunga mkono tukazunguka nyuma ya nyumba. Tulisikia mlango. Tukasikia pazia. Kisha pumzi zikaanza, na safari hii hazikuwa na mpangilio. Zilikuwa zinakwama. Kila moja ilikuja kama ya mwisho, tukasubiri, ikaja nyingine.

Masunga alinichomoka. Alikuwa mdogo sana kuogopa kitu kwa muda mrefu. Alizunguka nyumba mbio, nikasikia ndala zake ndani, halafu sauti yake nyembamba: "Dada! Baba amepiga magoti!"

Nilikuwa na nafasi ya kukimbia. Barabara ilikuwa wazi mbele yangu. Lakini mdogo wangu alikuwa mle ndani nalo, na mimi ndiye niliyekuwa nalala upande wa pazia. Niliingia.

Lilikuwa chini, limeegemea kitanda, mikono imekamata godoro. Nyuzi za pamba zimemganda usoni kwa jasho. Midomo imekuwa na rangi ya biringanya, na shingoni palikuwa panabonyea kila alipovuta. Nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya jineri. Nilitarajia macho ya mnyama. Nilikuta macho yanayoogopa. Yaliniogopea na mimi pia, kwa sababu aliinua mkono kidogo akaupunga, kama anatufukuza, tusione.

Dubwana haliogopi. Hilo ndilo nililoliwaza, kwa maneno hayo hayo. Kwenye sinema wote waliogopa isipokuwa lenyewe. Huyu alikuwa anaogopa, basi huyu alikuwa baba.

Nilimfungua kifungo cha shingo. Nilimfuta pua na mdomo kwa gauni langu la shule. "Baba, nakuja. Masunga, mshike baba mkono, usimwachie." Nikatoka mbio.

Banda la Mzee Seifu lilikuwa limejaa. Nilipenya kwenye magunia, nikapita juu ya miguu ya watu gizani, nikaenda kusimama mbele ya televisheni, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuonekana.

"Toka hapo!"

"We mtoto, unatuziba!"

Masanja alininyooshea fimbo. Nilipiga kelele, "Baba hapumui! Baba yangu hapumui!" Watu wakaendelea kuzomea, lakini nje jenereta likazimwa, picha ikajikunja ikawa nukta na kupotea, na kwenye giza lile nikasikia sauti ya Mzee Seifu. "Huyu ni mtoto wa jirani yangu. Fungueni mlango."

Alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo ya duka. Masanja na mwanaume mwingine walimbeba baba kwenye blanketi, Masunga bado ameshika kidole chake, hataki kukiachia hata walipomwinua. Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha baba kwenye mapaja yangu, na Masanja akimtegemeza mgongo awe amekaa. Mzee Seifu aliendesha kwenda hospitali anapiga honi njia nzima, ng'ombe wanatawanyika barabarani.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kalamu nyweleni. Alimchoma baba sindano, akamkalisha wima, dirisha likafunguliwa. Tulisimama mlangoni kwa muda niliouona hauna mwisho. Polepole pale shingoni pakaacha kubonyea. Daktari akavuta kiti.

"Ugonjwa huu umeanza lini?"

Baba alijibu neno moja moja. "Unakuja... unaondoka."

"Unakuja wakati gani? Usiku? Ukila kitu? Wakati wa baridi?"

Baba alitikisa kichwa, hajui. Na mimi, niliyekuwa nimelilinda jambo hilo kama siri ya kuua mtu, nikajikuta nimesema, "Unakuja Jumatatu."

Wote waligeuka. Mzee Seifu akasema, "Mwache daktari afanye kazi, mjukuu wangu." Lakini daktari aliniita niingie.

"Jumatatu ipi?"

"Zote. Jumanne hakuna. Tangu walipoanza kuleta pamba nyingi."

"Na Jumapili baba yako huwa wapi?"

"Kanisani. Jineri hufungwa."

Alimtazama baba, akamshika mkono akaugeuza, akatoa uzi mmoja mweupe chini ya ukucha. Akamweleza taratibu, nasi tukisikia. Vumbi la pamba linaingia kifuani. Mtu akipumzika siku moja kifua kinaanza kufunguka, akirudi kazini siku ya kwanza kinajifunga kwa hasira, siku zinazofuata kinazoea, na yeye anadhani amepona. Hajapona. Kila wiki kinafungwa zaidi. "Ukirudi kwenye mashine zile," alisema, "safari nyingine watoto hawa hawatakuwahi."

Baba aliutazama uzi ule mkononi mwa daktari. Kisha akasema, "Sitarudi."

Mama alifika kesho yake moja kwa moja kutoka stendi, ananuka dagaa, khanga imekaa upande, akatushika sote watatu kwa mpigo. Masanja naye alikuja kumjulia hali mgonjwa, akanunua machungwa. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza kwa nini dubwana linakaa kwenye pamba.

"Pamba gani?"

"Ile ya sinema. Theluji."

Masanja alikuna kichwa, akamtazama baba. Ilionekana hata yeye hakuwa na hakika. Baba ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyokwaruza. "Theluji ni barafu, Kabula. Kama ile anayouza Mzee Seifu kwenye friji yake. Inaanguka kutoka mawinguni huko kwenye nchi za baridi."

"Barafu? Mlima mzima?"

"Mlima mzima."

Nililia pale wodini, kwa nguvu, mpaka muuguzi akaja kuuliza nimeumia wapi. Hakuna aliyejua nalilia nini, kwamba kwenye pamba hapakuwahi kuwa na dubwana, na niliyemkimbia siku zote zile alikuwa baba.

Tulirudi Mwamapalala kabla msimu haujaisha. Baba akarudi kwa ng'ombe wa bibi. Kifua chake hakikupona kabisa, daktari alikuwa ametuambia hivyo, na kilimo kikamshinda, lakini kwenye upepo wa mbugani alipata pumzi za kumtosha mchungaji asiye na haraka. Mluzi ule ukapungua, ukawa mdogo, na siku moja ukakosekana.

Ilikuwa mchana, jua kali. Ng'ombe walikuwa wamelala, na baba amejinyoosha juu ya ngozi kwenye kivuli cha ghala la mtama, kofia usoni. Nilikuwa napita na kuni. Nilisimama nikasikiliza, kama nilivyozoea kusikiliza, na sikusikia kitu. Niliziweka kuni chini moja moja zisitoe sauti. Nikasogea. Bado kimya. Hofu iliyonishika pale ilizidi ile ya jineri na ile ya banda la video, kwa sababu sasa nilijua ninachokiogopa ni nini. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja changu juu ya kifua chake.

Kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Chini ya kofia baba alisema, bila kusogea, "Nipo, ng'wana wane."

"Najua," nilisema. Lakini sikuondoa mkono, naye hakuniambia niuondoe, mpaka ng'ombe wa kwanza aliposimama.